Mkata Katambuga wa Mazwi na Matairi Yaliyozeeka Ghalani

Saa moja na nusu asubuhi. Baridi ya Juni imeikaba Sumbawanga, na watu wa mtaa wa Mazwi wanatembea wamejikunyata, mikono kwapani. Katika ua wa Mzee Muhidin, lori limepandishwa juu ya magogo manne, halina hata tairi moja. Ukutani yameegemezwa matairi manne meusi tii, yanang'aa kama buti za askari siku ya gwaride.

Mbele ya matairi hayo amepiga magoti mwanamke mmoja. Amejitanda kanga mbili kwa ajili ya baridi, na miguuni amevaa katambuga, vile viatu vinavyokatwa kwenye mpira wa gari. Anasogeza pua kwenye tairi la kwanza na kulinusa. Kisha anaukandamiza ubavu wake kwa ukucha wa kidole gumba, anauachia, anautazama.

Nyuma yake wamesimama wanaume watatu: Mzee Muhidin mwenye lori, dereva wake Adolfu, na Huseni, mfanyabiashara aliyeyaleta matairi hayo kutoka Rhodesia ya Kaskazini kwa njia ya mpaka wa Kasesya.

"Mama Zita," anatania Huseni, "unanunua tairi au samaki?"

"Samaki angekuwa nafuu, Bwana Huseni," anajibu mwanamke yule bila kugeuka. "Samaki akioza anasema mwenyewe."

Huyu ndiye Fransiska, mjane wa miaka arobaini na mmoja, mama wa binti mmoja, Zita. Kazi yake ni kukata katambuga na kuziuza kwa baiskeli vijijini. Lakini kwa miaka mitano sasa, mwenye lori anayejua thamani ya roho yake hanunui tairi hapa mjini kabla Fransiska hajaliona. Si kwa ajili ya meno ya tairi, yale yanayokanyaga barabara, maana meno kila mtu anayaona. Anaitwa aseme tairi lina umri gani.

Leo neno lake lina uzito kuliko siku nyingine. Ijumaa lori hili linatakiwa kushuka Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mrefu wa milima unaotazama bonde la Ziwa Rukwa, kwenda Muze. Watu ishirini wamekwisha kujiandikisha kukaa juu ya magunia. Akisema matairi ni mazima, wote hao watashuka mteremko juu ya neno lake.

"Haya," anasema Mzee Muhidin, ambaye subira haijapata kuwa ndugu yake. "Sema basi."

Fransiska anachovya pembe ya kanga kwenye ndoo ya maji, anasugua ubavu wa tairi, anainua kitambaa. Kimekuwa cheusi. Pale aliposugua, weusi umetoka na chini yake pana rangi ya majivu.

"Limepakwa dawa ya viatu," anasema. "Mzee wangu, haya matairi ni wazee. Yote manne."

Huseni anaruka. "Wazee? Tazama manyoya yake!" Anaonyesha vile vinywele vya mpira vinavyobaki kwenye tairi linapotoka kiwandani. "Haya hayajakanyaga ardhi hata siku moja. Tangu siku za Vita Kuu yamekaa ndani ya ghala, yamefunikwa. Dawa ya viatu ni kuondoa vumbi tu."

"Nimesikia," anajibu Fransiska. "Ndiyo maana nimesema ni wazee."

Ili kumwelewa mama huyu, ni lazima kwanza kuwaelewa watu wa Ufipa na ulezi wao. Nafaka hii ukiitia ghalani ikiwa kavu, inakaa. Mwaka wa kwanza, wa tatu, wa sita, ukifungua kilindo cha kuhifadhia nafaka unaukuta ulezi kama ulivyouacha, wala mdudu haugusi. Mtoto wa huku anakua akijua kwamba kitu kilichotunzwa vizuri bila kuguswa hakiharibiki. Baba mwenye ulezi wa miaka mingi ni mtu wa kuheshimiwa.

Marehemu mume wa Fransiska, Oswaldi, alikulia katika imani hiyo. Alikuwa dereva, Mfipa wa kwanza kutoka kijijini kwao kushika usukani. Mwaka 1949 tajiri wake wa wakati huo, ambaye sasa hayupo tena mjini, alimtuma kuchagua matairi ya mbele. Aliwekewa aina mbili: yaliyotumika miezi michache, na mengine mapya kabisa, akaambiwa yamekaa stoo tangu mwanzo wa vita.

"Alirudi nyumbani anacheka," anakumbuka Fransiska. "Akaniambia, mke wangu, nimepata matairi kama ulezi wa baba. Yamekaa tu, hayajaguswa. Na mimi nikafurahi. Ningejua nini? Mimi pia ni Mfipa, ulezi wa nyumbani kwetu nauchota mwenyewe."

Siku ya tisa tangu ayafunge, katikati ya mteremko wa Lyamba, tairi la mbele la kushoto lilipasuka. Lori likavutwa kushoto, na kushoto kulikuwa na korongo. Oswaldi alikufa palepale, akazikwa Muze, kwa kuwa hapakuwa na gari la kumpandisha. Fransiska hakuuona mwili wa mumewe. Alichoona ni mabaki yaliyoletwa na wasamaria: koti, kofia, na lile tairi, ambalo tajiri hakulitaka tena.

Kilichomuuma zaidi kilikuja baadaye. Mjini watu walisema Oswaldi alikuwa amelewa. Wengine wakasema alikuwa anakimbiza gari ili ajionyeshe. Tajiri mwenyewe alisema hivyo mbele ya watu waliokuja kuhani.

"Mume wangu alikuwa hanywi hata togwa iliyolala ikachacha," anasema, na hapa sauti yake inapanda. "Lakini ningesema nini? Tairi lilikuwa jipya. Kila mtu aliliona ni jipya. Hata mimi ilifika siku nikaanza kusema moyoni, labda kweli alikunywa. Hilo ndilo najilaumu mpaka leo."

Njaa haingoji matanga yaishe. Zita, bintiye, alikuwa na miaka mitatu. Fransiska aliwahi kumwona Mnyamwezi mmoja sokoni akikata katambuga, akaenda kumsumbua hadi akamfundisha: kisu kikali, maji mengi, kwa sababu mpira haukatiki kwa kisu kikavu. Wanawake wenzake walimcheka. Kazi ya kukata mpira ilikuwa ya wanaume, tena wanaume wasio na kazi nyingine.

Jozi zake za kwanza alizikata kwenye matairi mawili. Moja lilikuwa kipara kabisa, alilopewa na Wamisionari, limetembea hadi nyuzi zikatokeza. La pili lilikuwa lile la Oswaldi, lenye meno marefu. Katambuga za tairi la Oswaldi alizipandisha bei, kwa kuwa zilionekana imara.

Baada ya wiki mbili wateja walianza kurudi. Wote waliorudi walikuwa wale wa bei ya juu. Viatu vyao vilikuwa vimepasuka pale mguu unapokunjika.

"Mama mmoja wa Namanyere alinitupia jozi yake mlangoni," anasema Fransiska. "Nikaiokota, nikaikunja. Ikakatika mkononi kama gome la mti. Nikachukua ile ya kipara, nikaikunja hivi, hivi, hivi. Inanirudia tu. Nikakaa chini palepale mlangoni nikalia. Mama yule akadhani nalilia fedha yake. Nilikuwa namlilia Oswaldi, kwa sababu siku ile ndiyo nilijua hakulewa."

Tangu siku hiyo hakuna tairi lililopita mbele yake bila kuulizwa umri. Amekata, kwa hesabu yake, zaidi ya matairi mia nne. Siku nzuri anatoa jozi nne, kila jozi shilingi moja na senti hamsini, na siku za mvua wakati mwingine hauzi hata moja. Vidole vyake vina makovu yasiyohesabika. Lakini vidole hivyo vimejifunza jambo ambalo madereva wengi hawalijui: mpira unazeeka hata ukiwa umelala.

Namba zipo ubavuni, zilichongwa kiwandani, lakini Sumbawanga nzima hakuna anayejua zinasema nini. Fransiska ana njia zake. Mpira mbichi una harufu, kali kidogo. Uliozeeka haunuki kitu, au unanuka ulichopakwa. Ukucha ukiuzamisha kwenye mpira mzima, alama inajaa upesi. Kwenye mzee, ukucha hauzami. Na ukiubonyeza ubavu kwa magoti ukaukunja, mzee anaonyesha mikunjo yake: nyufa ndogondogo, nyembamba, kama za kisigino cha mtu asiyepaka mafuta.

Mwandishi wa habari hizi, aliyefika kwake na viatu vyake vya mjini, aliambiwa bila kuombwa kwamba soli zake hazitamaliza Julai. Hazikumaliza hata Juni. Makala haya yameandikwa kwa katambuga.

Wafanyabiashara hawampendi wote. Mwanzoni walimzushia jambo ambalo lilikuwa karibu limmalize: kwamba anayakataa matairi mazima ili yatupwe, naye ayaokote ayakatie viatu. Lilikuwa shtaka la akili, maana lilionekana kweli. Fransiska alilijibu kwa kujiwekea mwiko. Tairi lolote alilolikataa hatalikatia kiatu, hata akipewa bure, hata siku ambayo hana mpira wa kufanyia kazi. Anakatia vipara tu, matairi yaliyomalizwa na barabara.

"Yamekufa kazini," anasema. "Hayo yana heshima yao."

Turudi uani kwa Mzee Muhidin, ambako jua limeanza kupanda lakini hakuna anayeliota.

"Mzee," anasema Huseni, sasa akiongea na mnunuzi na kumpa mgongo mama, "utaacha lori juu ya magogo kwa neno la mwanamke mkata viatu? Matairi mengine yako Mbeya. Ukiagiza leo, wiki mbili. Mchele wa bondeni utakuwa umenunuliwa na wenzako."

Mzee Muhidin anakuna ndevu. Anamtazama Adolfu. Adolfu ana mke na watoto wanne, naye ndiye atakayekaa nyuma ya usukani, lakini anatazama chini. Dereva hamfundishi tajiri.

"Mama Zita," anasema mzee polepole, "una hakika? Macho yangu yanaona matairi mapya."

"Heshima yako ninaijua, mzee wangu, siwezi kukudanganya. Ruhusu nilikate moja."

"Ulikate!" Huseni anapiga kelele. "Tairi la shilingi mia tatu?"

"Likiwa zima, chukua baiskeli yangu."

Kila mtu anaijua baiskeli ile. Ndiyo inayompeleka vijijini na jozi zake, ndiyo inayomlipia Zita karo ya shule ya Masista. Bila baiskeli Fransiska ni mkata viatu anayengoja wateja mlangoni, na mlangoni kwake hawapiti wengi. Adolfu ananyanyua uso kwa mara ya kwanza.

"Mama, usifanye hivyo," anasema. "Tutaenda polepole tu, Mungu atasaidia."

"Oswaldi naye alikwenda polepole," anamjibu.

Huseni anaitazama baiskeli iliyoegemea mlango, anatazama matairi yake. "Kata," anasema. "Mashahidi mpo."

Fransiska anatoa kisu chake kwenye kikapu, anakichovya kwenye ndoo. Anachagua tairi la kwanza, lile lenye manyoya mengi kuliko yote. Anakaa chini, analibana kwa miguu miwili, anaanza ubavuni. Mara mbili katika miaka mitano amewahi kukosea, akakataa tairi lililokuwa na uhai ndani yake, na mara zote mbili alikwenda kwa mwenyewe kumtaka radhi.

Mpira mzima hubana kisu, inabidi ukivute na kukilowesha kila mara. Huu haukubana. Kisu kinapita huku kikitoa sauti kavu, na kwenye kanga yake zinaanguka chembechembe kama za makaa. Anakata ukanda wa urefu wa mkono, anasimama, anampa Huseni.

"Ukunje wewe mwenyewe."

Huseni anaukunja. Unavunjika. Ndani nyuzi za pamba zimegeuka rangi, na anapozivuta kwa vidole viwili tu, zinakatika.

Hakuna aliyecheka. Huseni alibaki na vipande viwili mikononi, uso umemshuka, na alipofungua mdomo hakuzungumza habari ya fedha.

"Lori langu," alisema. "Nimefunga mawili ya hayahaya. Mbele."

Lori lake lilikuwa limeegeshwa barabarani, tayari kwa safari ya Namanyere, na abiria walikuwa wameshapanda. Huseni alitoka mbio bila kuaga. Wanaomfahamu wanasema hawajapata kumwona akikimbia tangu azaliwe. Baada ya muda mfupi zilisikika kelele za abiria wakiteremshwa, wakidai kuelezwa kuna nini.

"Hakuwa mwongo," anasema Fransiska. "Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanadhani kila aliyekuuzia tairi bovu ni mwizi. Huseni aliamini kabisa. Ameona manyoya, ameambiwa yalikuwa ghalani, basi. Hata yeye amekula ulezi wetu tangu utotoni."

Kesho yake Huseni alirudi, akamwamkia mama huyu kwa heshima, akasema matairi yote sita ni yake, achukue akatie viatu. Mpira wa miezi miwili, bure. Fransiska wakati huo alikuwa amebakiwa na kipara kimoja tu nyumbani. Alimshukuru, akatoa kisu, akakata kila tairi pande mbili ili mtu mwingine asije akaliokota, akalipaka dawa na kuliuza tena. Vipande wakavitumbukiza shimoni nyuma ya ua. Huseni alishika jembe mwenyewe kuvifukia.

Lori la Mzee Muhidin lilikaa juu ya magogo siku kumi na sita. Hazikuwa siku nyepesi. Wafanyabiashara wenzake walishuka Muze na kurudi na mchele, na kila waliporudi walipiga honi walipofika mlangoni kwake. Watu waliokuwa wamejiandikisha walimlaumu Fransiska waziwazi sokoni. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kushuka kumwona mjukuu wake aliacha kuitikia salamu yake. Yeye aliendelea kukata viatu.

"Wanaonilaumu wako hai," alisema. "Nawapenda hivyohivyo, wakinilaumu."

Wiki hii matairi yamefika kutoka Mbeya. Hayakung'aa. Mawili yalikuwa na tope, maana yametumika kidogo, na Mzee Muhidin alipoyaona alikunja uso. Fransiska aliyanusa, akayakandamiza, akayakunja kwa magoti, akayarudia yote manne tangu mwanzo. Ilimchukua saa nzima. Kisha akasimama na kujikung'uta kanga.

"Haya ni vijana," alisema. "Funga, Adolfu."

Adolfu alifunga. Alipomaliza kukaza nati ya mwisho, alimgeukia, na kwa aibu kidogo akamwomba kitu: aje siku ya safari, asimame tu hapo mlangoni, amwone wakati anaondoka. Ingempa moyo.

Fransiska hajapata kushuka mteremko ule. Kwa miaka minane hajaliona kaburi la mumewe, wala Zita hajaliona. Amepewa nafasi mara nyingi, katika malori mengi, na kila mara alikataa, kwa kuwa matairi hakuyajua, au aliyajua mno. Watu walidhani ni woga. Mwenyewe hakatai kwamba woga ulikuwepo.

"Mlangoni sitasimama," alimjibu Adolfu. "Niandikieni nafasi mbili."

Mzee Muhidin, aliyesikia, alikohoa, akasema mama hatakaa juu ya magunia, atakaa mbele pamoja na binti yake, wala hatalipa. Fransiska alikubali, ila aliuliza upande gani.

"Mbele ni kushoto tu," alisema mzee. "Kulia ni dereva."

Yaani juu ya tairi la mbele la kushoto.

Lori linaondoka Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Fransiska ameshafunga mzigo wake: jembe la kupalilia, mbegu za maua alizopewa na Masista, na mkungu mdogo wa ndizi wa kuwapa watu wa Muze waliomzika mumewe wasiyemjua. Mpango wake wa baadaye ni kuwafundisha madereva wa Sumbawanga kunusa na kukunja tairi wenyewe, bila malipo, kila Jumapili baada ya Misa, na Waislamu baada ya hapo kwa saa watakayoipenda. Adolfu amekwisha kujiandikisha, na Huseni pia.

Lakini hayo ni ya akirudi. Kwanza ana maneno ya kumwambia Oswaldi.

"Nitamwambia anisamehe kwa ile siku niliyomdhania amelewa," anasema, akijaribu makali ya kisu chake kwenye kipara alichobakiwa nacho. "Halafu nitamwambia nimekuja kwa gari. Na matairi nimechagua mimi."